Kadi ya Tisa na Mianzi ya Mama

Mama yangu alimsamehe baba akiwa ameshakufa. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu.

Tulikuwa tumekaa kwenye benchi katika Jumba la Vivuli, wafu wetu wanakochorwa ndani ya vioo wakasema nasi, mimi na baba, mbele ya kioo kirefu kuliko mlango. Ndani ya kioo mama alikuwa juu ya kigoda chake, kitenge cha rangi ya ugoro kiunoni, ametazama chini kama aliyedondosha sindano. Baba alikuwa anamsimulia bei ya parachichi ilivyoporomoka. Ghafla, bila kuulizwa kitu, mama akainua uso.

"Baba Twi," akasema, "mianzi haina kinyongo. Ukiikata inaota."

Baba alilia mpaka mhudumu akaja kumshika mkono. Kuanzia siku ile mzee alianza kula akashiba, akanyoa ndevu, akarudi kwenye kwaya ya wazee kanisani. Watu kijijini wakasema Zabroni Mgaya amefufuka, ingawa aliyekufa alikuwa mkewe.

Habari ya mianzi inajulikana na kila mtu kwetu. Mama alikuwa mgema wa ulanzi. Shamba lake la mianzi alilirithi kwa bibi yake, na hakuna pombe ya mianzi iliyosifiwa upande ule wa Njombe kama ya Editha. Mwaka ambao kila mtu alikuwa anapanda parachichi, mama alikwenda Ludewa kumzika dada yake. Aliporudi alikuta baba ameikata mianzi yote, ameng'oa na visiki, na miche ya parachichi imesimama kwa mistari iliyonyooka. Alitaka kumfurahisha. Alidhani atamwondolea kazi ya kugema mianzi kila asubuhi na kisu mkononi, kwenye baridi ile.

Mama alitua kikapu, akatazama shamba, akaingia jikoni. Hakumsemesha tena. Alimpikia, alimfulia, wageni aliwapokea kwa vicheko, lakini kwa baba mdomo ulifungwa na ufunguo akautupa. Masika yote yakapita hivyo. Kisha homa ya mapafu ikamchukua, na hakumwachia baba neno.

Nami nimeurithi mdomo ule. Kuhusu mianzi sikumwambia baba hata neno moja. Nilikuwa namletea sukari, namuuliza hali ya mguu wake, naondoka. Yaliyokuwa moyoni nilimpelekea mama. Nafanya kazi hapohapo Jumbani, na mchana nilizoea kubeba kiporo changu nikala mbele ya kioo chake, nikimweleza kila kitu.

*

Kazi yangu ni kutabiri kadi.

Kila kivuli Jumbani kinachorwa na kadi ya picha: kibao kirefu kama mkono wa mtoto, kimejaa chembe zisizohesabika, kila chembe ikikokotoa kipande chake cha uso, hapa kope, hapa mkunjo wa shavu. Kadi hupata moto sana, ndiyo sababu Jumba lilijengwa Njombe. Baridi ambayo sisi tunaikimbia kwa makoti, mashine zinaikimbilia.

Kiwanda kinapotangaza kadi mpya, kadi yenyewe huwa bado haijafika. Mji lazima uamue kabla haujaiona, na ndipo ninapoitwa mimi niseme itakuwaje ikilinganishwa na zile za zamani. Kiwanda husifia kadi yake kama mshenga anavyomsifia bwana harusi: hasemi uongo, ila hasemi yote. Wakidai ina kasi mara nne, ujue wamepima kwa picha walizozichagua wenyewe. Kwa hiyo mimi naangalia chembe zimeongezeka kiasi gani, njia ya kumbukumbu imepanuliwa au ni ileile, na umeme unaoliwa. Kisha narudi nyuma. Kwa Kadi ya Sita walituahidi nini kuizidi ya Nne, na ilipofika tulipata nini? Ya Nane je? Mtu aliyekudanganya kidogo mara mbili, mara ya tatu unajua umpunguzie wapi.

Kadi ya Tisa kwa kasi haikunisumbua. Walisema mara nne, nikaandika mara mbili na nusu. Kwa umeme nilifurahi kabisa: itakula nusu ya kinacholiwa na zile za zamani. Na hilo ndilo mji ulilolitaka kusikia. Jumba letu linakunywa umeme wa mto kama ng'ombe wa kiangazi, na zahanati za vijijini zinapata kwa zamu. Juni barafu ikianguka usiku, watoto njiti wanapashwa joto kwa vifua vya mama zao na jiko la mkaa.

Kilichonisimamisha ni maneno machache mwishoni mwa maelezo ya kiwanda. Kadi ya Tisa haikisii. Inachora kinachojulikana tu.

Kadi za zamani zilikuwa dhaifu, kumbukumbu zake finyu. Ili zisichoke, zilifundishwa kuchora kidogo na kukisia mengine. Palipokosekana rekodi ya marehemu, kadi ilijaza pengo kwa kuazima kilichokuwa karibu, yaani sura na maneno ya wale wanaokaa mbele ya kioo, kwa kuwa muda wote inawatazama na kuwasikiliza ili ijue macho iyaelekeze wapi. Hakuna aliyekusudia ubaya. Matajiri waliorekodiwa tangu ubatizo hadi jeneza hawakuwa na mapengo mengi. Lakini mama yangu alikuwa na harusi chache za ndugu, kipaimara changu, na jumbe za sauti za kuulizia chumvi. Mama alikuwa viraka vitupu.

Kadi ya Nne, ile inayomchora mama, ukiiamuru hupaka makisio yake rangi ya majivu, ili fundi ayaone. Nilifungua rekodi ya mama mezani kwangu nikatoa amri hiyo. Mikono ilibaki na rangi yake, ilikuwa mikono ya kweli. Kicheko kilibaki. Nikarudisha picha mpaka ile siku ya benchi. Alipoinua uso na kufungua mdomo, mdomo ukawa majivu, macho majivu, na maneno yote, kutoka la kwanza hadi la mwisho, majivu.

Nililia pale mezani, kalamu mkononi. Sikulia kwa ajili ya mama. Nilimlilia mzee.

*

Mkuu wa Jumba ni Mama Haule, mama mmoja mpole anayetembea na thermosi ya chai ya tangawizi kila aendako. Nilimweleza. Akanimiminia kikombe kwanza.

"Twi mwanangu," akasema, "familia huwa zinakuuliza nini? Zinauliza, atapendeza zaidi? Atapendeza. Atakuwa mwepesi zaidi? Atakuwa. Basi tabiri hayo."

"Na wakikuta wafu wao hawasemi waliyozoea kusema?"

"Watadhani kadi ni mpya, haijazoea. Watu husahau."

"Hawatasahau, mama. Wengine ndiyo maneno wanayoishi nayo."

Alifunga thermosi polepole. "Ukiwaambia kwamba miaka yote wamekuwa wakiongea na makisio, watagoma. Wakigoma, kadi za zamani zitabaki. Zikibaki, unajua nani anakaa gizani." Mjukuu wake alizaliwa njiti mwezi wa sita mwaka jana, kwenye zahanati ya kijiji, usiku ambao haukuwa wa zamu yao. Hakufika asubuhi. Nilimaliza chai, nikainuka.

Nilipofika mlangoni akaniita. "Usisahau kwamba mgema huonja kwanza."

Sikuwa nimesahau. Kwetu hakuna anayegusa ulanzi kabla mgema hajapiga funda mbele ya wageni, waone mwenyewe hakudhurika. Jumba limeichukua desturi hiyo. Kadi mpya ikija, marehemu wa mtabiri ndiye anayehamishwa kwanza, hadharani, familia nyingine zikitazama. Na kila familia huja na swali la nyumbani, swali ambalo wao wanajua mtu wao angelijibu vipi. Wakiridhika wanasema "ndiye," na shauri limekwisha. Wakisema "siye," anarudishwa kwenye kadi yake ya zamani.

Kwa hiyo wa kwanza kuuliza angekuwa baba. Akisema siye, hakuna familia itakayokubali baada yake. Nikinyamaza, atafika pale na furaha yake yote, amenyoa, kumwuliza mkewe swali, na kadi itamvua msamaha mbele ya umati. Nikisema, nitamvua mimi.

*

Nilimkuta shambani, anaegemeza nguzo chini ya matawi yaliyolemewa na matunda.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mama. Mbona mapema? Kazi imekufukuza?"

"Nimekuja kwa habari ya kuhama kwa mama."

Akatabasamu. "Enhe. Wewe si ndiye mtabiri? Nitabirie basi. Atakuwa vilevile?"

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakanitoka yote. Nikamweleza kama nilivyoweza: viraka, kuazima, rangi ya majivu. Yeye aliendelea kufunga kamba kwenye nguzo. Alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

"Kwa hiyo hakusema," akasema.

"Ni kadi iliyosema, baba."

"Kwa sauti yake."

"Kwa sauti yake."

"Na kwenye hiyo ya Tisa atasemaje?"

"Kwa hilo, hatasema kitu. Nimejaribu kila hesabu. Atanyamaza."

Akakaa chini, palepale kwenye majani makavu. Aliponitazama macho yalikuwa mekundu kwa hasira. "Ungenyamaza, Twilumba! Kwenu kunyamaza si ndio urithi? Mama yako kanyamaza mpaka kaburini. Wewe miaka yote unaniletea sukari, hunitazami usoni. Leo ndiyo umepata mdomo? Kwa hili?"

Iliniuma sana kwa sababu ilikuwa kweli. Niliokota kamba iliyomdondoka, nikamnyooshea.

Akaipokea. Akauliza kwa sauti ya chini, "Na nikisema siye?"

"Watakurudishia yule wa zamani. Na Jumba zima litakufuata."

Alijua maana yake. Zahanati ile ni ya huku kwetu. Alinyanyua viganja vyake, akavitenganisha kidogo tu, kama mtu anayepima mkate. "Kaburi la mjukuu wa Haule nililichimba mimi," akasema. "Lilikuwa hivi." Kisha akaniambia niende, anataka kumaliza kuegemeza matawi.

*

Siku ya kuhama ukumbi ulijaa. Baba alikuja na koti lake la ndoa. Hakunisalimia, ila alikaa karibu nami kwenye benchi, bega kwa bega, nikajua ana hofu.

Mama wa Kadi ya Nne alimwona akisimama. "Unaondoka, Baba Twi?"

"Narudi sasa hivi," baba akamwambia. Akakigusa kioo kwa ncha za vidole, na kioo kikazimwa.

Kilipowaka tena, watu nyuma yetu walishusha pumzi kwa pamoja. Mama alikuwa pale, na ni kana kwamba hapo awali tulikuwa tunamtazama kupitia moshi wa jikoni. Juu ya kifundo cha mkono wake palikuwa na kovu la kuungua, refu, linang'aa. Alilipata kwa sufuria ya maharage nilipokuwa mdogo. Kadi ya Nne, ili isichoke, ililiruka miaka yote, na mimi nilikuwa nimelisahau. Nilimsahau mama yangu hivyo, nikiwa nakula naye kila mchana.

"Swali la nyumbani," Mama Haule akasema.

Baba alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo. "Mama Twi," akasema, "mianzi yako niliikata. Ya bibi yako. Sikukuuliza. Umenisamehe?"

Mama alimtazama. Zamani alikuwa akikawia kabla ya kujibu, nasi tukidhani anatafakari, kumbe ni kadi inahema. Safari hii hapakuwa na kukawia. Alimtazama barabara, akashika upindo wa kitenge, akafuta mikono iliyokuwa mikavu tayari, akageuza uso upande. Naijua ile namna ya kugeuka. Ipo kwenye picha za harusi ya binamu yangu, masika yaleyale, baba anapomletea sahani ya pilau na mama anamgeuzia shavu mbele ya meza nzima. Kadi ya Tisa haikuongeza kitu.

Mama Haule alikuwa ameishika thermosi kwa mikono miwili.

"Mzee Mgaya," akauliza. "Ndiye?"

Baba alisimama pale mpaka nikataka kwenda kumshika. Alikuwa analia, machozi yanashuka hadi kwenye kola, wala hakuyafuta.

"Ndiye," akasema. "Mimi nimekaa naye. Huyu ndiye mke wangu."

Kisha akawageukia watu, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. "Jamani, wenu pia watanyamaza. Yale waliyokuwa hawajasema, hawatasema. Kadi ya zamani ilikuwa inatubahatishia, binti yangu hapa atawaeleza. Msije mkadhani mashine ni mbovu."

Kelele zilizuka. Mwanamke mmoja alimwita mchawi. Wengine walitoka, wengine walinizunguka na maswali, nikawajibu yote, mpaka sauti ikakauka. Waliokubali siku ile walikuwa wengi kuliko nilivyotabiri.

*

Tulirudi kwa miguu, kwa njia ya shambani. Baba alitembea mbele kwa ule mguu wake mbovu, nami nyuma, mpaka tukafika kati ya mistari ya parachichi.

"Niambie kitu kimoja," akasema bila kugeuka. "Yule aliyenisamehe alikuwa nani, basi?"

Hilo nilikuwa nimeshalifikiria, jibu nilikuwa nalo. "Kadi iliazima kwa aliyekaa mbele yake. Ulikuwa wewe mwenyewe, baba."

Akasimama. "Mimi?" Akageuka akanitazama kwa mshangao kabisa. "Mimi sijajisamehe hata siku moja, mwanangu. Mimi nilikuwa naongea bei ya parachichi. Tena hayo maneno ya mianzi na kinyongo ni ya wagema. Mimi nilikuwa mnywaji tu, nikagema wapi?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Kiporo cha viazi, mapajani, mchana, mbele ya kioo. Baba alikuwa amekonda msimu ule, suruali inamvuka, na nilikuwa nimechoka kumwona hivyo. Nilimwambia mama, nikitafuna, sauti yangu ndogo ili mhudumu asisikie: Mwachie tu mzee, mama. Mianzi haina kinyongo, si ulinifundisha mwenyewe? Ukiikata inaota. Kadi ilinisikia, ikaweka. Siku ya pengo ikanitolea maneno yangu kwa mdomo wa mama, nami nilikaa pale kwenye benchi nikayasikia na sikuyatambua. Nimetabiri kadi ngapi, nikalinganisha hii na ile, na katika hesabu zote hizo sikujiweka mimi.

Baba alikuwa bado ananisubiri. Mdomo ulikuwa mzito. Nilitamani nimuulize hali ya mguu, nimwambie sukari iko kwenye mkoba, niende zangu.

"Baba," nikasema. "Mianzi haina kinyongo. Ukiikata inaota."

Alinitazama usoni.

"Hayo si ya mama," nikamwambia. "Mama hakusema, na hatasema. Ni yangu."

Aliishika nguzo moja chini ya tawi.

"Sema tena," akasema.

Nikasema tena.